Mgodi ndani ya tangi: kutatua matatizo ya modeli ya maji ya ardhini baada ya grauti

Mwaka 1996, karibu na Friendsville katika kaunti ya Garrett, jimbo la Maryland nchini Marekani, mgodi mdogo wa makaa ya mawe uliotelekezwa, uitwao Frazee, ulijazwa grauti (uji mzito unaomiminwa kwenye nafasi wazi na kuganda humo) ipatayo yadi za ujazo 5,600, yaani karibu mita za ujazo 4,280. Grauti ile haikutegemea saruji ya mfuko. Ilikorogwa kwa majivu na mabaki mengine ya mitambo ya umeme inayochoma makaa, yenye chokaa ya kutosha kuugandisha mchanganyiko. Nia ilikuwa kuziba nafasi za wazi ili maji na hewa visikutane tena na pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo yakipata oksijeni na maji hutoa asidi. Maji yaliyotoka mgodini yaliharibika kwanza, ndipo baadaye yakaanza kutengemaa.

Mtu akiliona jambo hilo kwa mara ya kwanza hudhani kazi nzima imeharibika. Modeli ya maabara hujengwa ili tujue mapema uharibifu upi ni wa kupita na upi ni wa kudumu. Shida ni kwamba modeli nayo ina hitilafu zake, na nyingi kati ya hizo zinafanana mno na tabia za mgodi wenyewe. Kwa hiyo kila dalili ninayoieleza hapa naihoji kwa mpangilio uleule: je, ni chombo? Kama si chombo, ni grauti? Kama si grauti, ndipo tuseme ni mgodi. Wengi huanzia kwenye mgodi kwa kuwa ndio unaovutia zaidi, kisha kazi ya mwezi mzima inakwenda na maji.

Nachukulia kwamba una vifaa viwili. Cha kwanza ni tangi bapa la akriliki lenye mchanga, uwazi unaoiga njia za mgodi, na mirija midogo ya kusomea kimo cha maji. Cha pili ni safu ya silinda zilizojazwa makaa yaliyovunjwa, mwamba wa dari na vipande vya grauti, kwa ajili ya kemia. Vyote viwili viendeshwe kwanza bila grauti mpaka vitulie. Na silinda moja isiyo na grauti ibaki ikiendeshwa sambamba na nyingine hadi siku ya mwisho. Bila hiyo silinda ya ulinganisho, nusu ya maswali yaliyo hapa chini hayana jibu.

Maji yanayoingia hayalingani na yanayotoka

Hili limalize kabla ya kugusa jingine lolote. Pima ndoo ya kuingizia na ndoo ya kupokelea kwa mizani, si kwa kuangalia mistari ya chupa. Tangi lililo wazi juu hupoteza maji kwa mvuke, hasa kukiwa na kiyoyozi kinachopuliza upande wake, kwa hiyo lifunike. Viungo vya mipira hudondosha taratibu usiku wakati hakuna mtu.

Ukiwa umetoka kumwaga grauti, usishtuke maji yakipungua kwa siku za mwanzo. Majivu ya tanuri za kuchomea makaa pamoja na chokaa huwa na chokaa hai nyingi, na kilo 1 ya chokaa hai safi inahitaji takriban kilo 0.32 za maji ili igeuke chokaa iliyozimwa. Joto linalotoka hapo nalo hufukuza mvuke. Dalili hii inakoma yenyewe. Ikiendelea wiki nzima, tafuta uvujaji.

Grauti imeganda vizuri, lakini maji yanapita kama zamani

Hapa ndipo ninapoomba utulie, kwa sababu jambo hili hutokea kwenye tangi na hutokea mgodini vilevile, na ni lazima ujue unaona lipi.

Anza na hesabu ndogo. Grauti nzuri ya majivu, ikipimwa kipande chake, hupitisha maji kwa kiwango cha 10⁻⁶ sentimita kwa sekunde au chini ya hapo. Sasa chukua mwanya wa milimita 1 tu kati ya grauti na dari. Kwa maji ya nyuzi 20 na mtiririko tulivu, upitishaji wa mwanya huo ni kama sentimita 80 kwa sekunde. Tofauti ni mara milioni themanini. Na kwa kuwa wingi wa maji yanayopita kwenye mwanya hufuata unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe, mwanya ukiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka mara nane. Kwa maneno mengine, ubora wa kipande cha grauti ulichopima mezani hausemi karibu chochote kuhusu maji ya mgodi kama hujui grauti inagusana vipi na dari na kuta.

Mwanya una vyanzo vitatu vikubwa. Cha kwanza ni maji yanayojitenga: chembe zinatuama, maji yanapanda juu, kisha yanaondoka na kuacha nafasi. Pima kwa kumwaga grauti kwenye silinda ya vipimo yenye ujazo wa mililita 1,000, uifunike, na usome urefu wa maji ya juu hadi yaache kuongezeka. Ikijitenga asilimia 3, kwenye njia ya modeli yenye kimo cha sentimita 3 utapata mwanya usiofika milimita 1, ambao macho yanaweza kuupita. Asilimia hiyohiyo katika njia halisi yenye kimo cha mita 1.5 ni sentimita 4.5. Modeli yako inaonyesha kuziba, mgodi utakuwa na mfereji. Hivyo matokeo yoyote ya kuziba kwenye tangi dogo yaambatane na kipimo cha kujitenga kwa maji, la sivyo yasitolewe.

Chanzo cha pili ni cha chombo: grauti inaponywea kidogo wakati wa kukauka, inaachana na akriliki laini, na maji yanateleza pembeni. Mwamba halisi una mikwaruzo na mashimo, akriliki haina. Tiba yake ni kupaka ukuta gundi ya epoksi na kuinyunyizia mchanga kabla haijakauka. Kwa vipande vya kupimwa upitishaji, usitumie bomba gumu kabisa. Tumia seli ya utando laini unaobanwa na maji kwa nje, kwani utando unashika kipande pande zote.

Cha tatu ni grauti kuoshwa. Ukiimwaga kutoka juu ndani ya maji yanayotembea, chembe laini zinaondoka na kubaki changarawe isiyo na kiunganishi. Shusha mrija hadi chini na uuache mdomo wake ndani ya grauti wakati wote wa kumwaga. Angalia pia wepesi wa mchanganyiko kutiririka kwa koni ya mtiririko, ile ambayo mililita 1,725 za maji matupu hutoka kwa sekunde 8. Grauti inayokaribia kasi ya maji itatembea mbali lakini itajitenga na kuoshwa kirahisi. Inayochukua zaidi ya sekunde 35 haitafika pembe za njia, na itaganda kama kilima chini ya tundu la kumwagia.

Ili kujua ni chanzo kipi kati ya hivyo, chomeka sindano na uingize rangi kidogo upande wa juu wa maji, uzime taa za chumba na uwashe taa moja ya pembeni. Rangi ikikimbia kama uzi mwembamba ukutani, ni chombo. Ikipita juu ya grauti kama shuka pana, ni maji yaliyojitenga. Ikiingia ndani na kutawanyika kwa vidole vingi, grauti ilioshwa. Piga picha hapohapo, maana baada ya dakika chache rangi imeshachanganyika na ushahidi umepotea.

Kimo cha maji nyuma ya kizuizi hakipandi hata kidogo

Umeziba njia kuu, wingi wa maji yanayotoka umepungua, ila mirija ya kusomea kimo iko palepale. Karibu kila mara chanzo ni namna unavyoliingizia tangi maji. Matangi mengi ya kufundishia hulishwa na kisanduku chenye mdomo wa kumwagia ziada, ambacho hushikilia kimo kimoja daima. Njia ikizibwa, kisanduku kinaacha tu kuingiza maji, na ziada inakwenda kwenye sinki. Hakuna mahali ambapo maji yangeweza kurundikana.

Mlima haufanyi hivyo. Mvua inanyesha hata kama mgodi umezibwa, na maji yaliyozoea kutokea mdomo wa mgodi yatapanda hadi yapate pengine pa kutokea. Ndiyo maana swali zito la kazi ya grauti, kwa anayeishi bondeni, ni hili: maji yatahamia wapi? Yanaweza kuibukia kwenye chemchemi iliyokuwa kavu, kando ya barabara, au kisimani kwa mtu.

Badilisha ulishaji. Tumia pampu ya kubana mpira inayotoa kiasi kilekile kwa saa, udondoshee maji juu ya mchanga kama mvua. Kisha lipe tangi zaidi ya tundu moja: mdomo wa mgodi, ufa mmoja wa juu, na mchujo mdogo chini. Yafunge kwa vali uweze kuyapima kila moja peke yake. Modeli yenye tundu moja la kutokea haiwezi kukuambia maji yatahamia wapi, hata ukiiendesha mwaka.

Kuna dalili pacha yake: kimo kinapanda kupita kiasi na dari lote la mgodi linaonekana kulowa hata kabla ya grauti. Hapo mchanga ndio unaonyonya maji kwenda juu. Mchanga mwembamba huvuta maji juu ya kiwango chake kwa takriban sentimita 40, wa chembe kubwa kama sentimita 13. Tangi lenyewe lina kimo cha nusu mita! Umeshafunika mgodi wako kwa maji ambayo katika mlima wa kweli yangekuwa utando mwembamba usiohesabika, na umeizuia hewa isiifikie pairaiti. Tumia mchanga wa chembe kubwa zaidi, au shanga za kioo za milimita chache, na uueleze ukomo huo kwenye ripoti, kwa kuwa unyonyaji huu haupungui pamoja na vipimo vingine vya modeli.

Rangi ya kufuatilia maji inapotea njiani

Umeingiza fluoreseini, upande wa pili inatoka kidogo au haitoki, na mtu anaandika kwamba grauti imeizuia. Pima pH kwanza. Fluoreseini hung'aa vizuri katika maji yenye pH ya 8 na zaidi. Katika maji ya mgodi yenye pH 3 karibu inazimika, ingawa imo humohumo. Chukua sampuli, ongeza bafa (kimiminika kinachoshikilia pH mahali pamoja) ipandishe pH hadi 9, acha chuma kituame, kisha soma maji ya juu. Mara nyingi rangi "iliyopotea" inarudi. Kwa maji yenye asidi, bromaidi ni rafiki bora zaidi, haijali pH.

Chumvi ya mezani ni rahisi kupima kwa mita ya upitishaji umeme wa maji, lakini ikitiwa nyingi huwa nzito na kuzama chini ya tangi. Ukiona kifuatilizi kinatembea sakafuni tu wakati maji yanatoka juu, punguza chumvi, usiilaumu grauti.

Mtiririko unapungua siku hadi siku, na hakuna aliyegusa kitu

Vyanzo viwili vinashindana hapa. Hewa hutangulia, matope ya chuma hufuata.

Maji ya bomba yakipata joto la chumba hutoa viputo vinavyokwama kati ya chembe. Yaondoe hewa kwa ombwe kabla ya kuyatumia, na jaza silinda kutoka chini kwenda juu. Wengi wamefundishwa kupitisha kaboni dioksidi kwenye mchanga mkavu kabla ya kujaza maji, kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka na haiachi viputo. Kwa mchanga mtupu ni njia safi. Kwa silinda yenye grauti ni kosa: gesi inaungana na chokaa, inafanya ngozi ya kalsiamu kabonati juu ya grauti, na pH inashuka kabla jaribio halijaanza. Utakuwa unapima grauti nyingine, si ile uliyoikoroga. Ombwe na maji yasiyo na hewa, basi.

Matope ya chuma utayatambua kwa rangi yake ya chungwa na kwa mahali yanapoanzia. Yakianzia kwenye mpira wa kuingizia, kabla maji hayajafika kwenye makaa, chanzo ni oksijeni inayopenya kuta za mpira. Mipira ya silikoni hupitisha oksijeni kwa wingi, na mita mbili za mpira huo mwembamba zinatosha kuharibu maji uliyoyasafisha oksijeni kwa saa nzima. Fupisha mpira, au tumia wa aina isiyopitisha gesi, ukiacha silikoni pale tu pampu inapobana. Yakianzia mpakani mwa makaa na grauti, hilo ni tukio la kweli na ni la thamani: pH inapanda hapo, chuma kinatuama, na upitishaji unashuka. Usilisafishe. Likate mwishoni mwa jaribio uone unene wake.

Kuhusu vipande vya upitishaji kwenye seli, neno moja la haraka. Usisukume maji kwa nguvu ili jaribio liishe mapema. Kiwango cha ASTM D5084, cha shirika la viwango la Marekani, kinaruhusu mteremko (tofauti ya kimo cha maji ikigawanywa kwa urefu wa kipande) wa 30 kwa vipande vinavyopitisha chini ya 10⁻⁷ sentimita kwa sekunde, 20 kwa vya kati ya hapo na 10⁻⁶, na 10 kwa ngazi inayofuata. Ukizidisha, unahamisha chembe laini na kuziba kipande mwenyewe. Rekebisha pia joto: maji ya nyuzi 10 yana mnato karibu theluthi moja zaidi ya maji ya nyuzi 20. Mgodi wa milima ile ni baridi, maabara yako sivyo.

Kipande kikipungua upitishaji kwa wiki kadhaa kisha kikaanza kupanda, kikague kama kina nyufa za utando wa buibui. Grauti yenye salfeti na chokaa nyingi huota fuwele za etringaiti, ambazo hubeba maji mengi ndani yake na kuvimba. Mwanzoni zinajaza vinyweleo, baadaye zinapasua. Jaribio la siku 28 halitaliona jambo hili.

Maji yanakuwa machafu zaidi baada ya grauti

Hii ndiyo dalili ya Frazee, na ndiyo inayowapa watu hofu zaidi. Asidi inapanda, chuma, alumini na salfeti vinapanda. Kuna maelezo matatu, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni chumvi zilizohifadhiwa. Miaka mingi ya hewa yenye unyevu huacha kwenye kuta za mgodi magamba ya chumvi za chuma na salfeti, meupe, manjano na ya kijani, yanayoyeyuka mara tu yakiguswa na maji. Ndani yake mna asidi iliyolala. Grauti inapoziba njia ya zamani, maji yanapandia na kupitia sehemu zilizokuwa kavu, na asidi yote ya miaka inatoka kwa mkupuo. Alama yake ni kilele cha mapema kinachoshuka kadiri maji mapya yanavyopita, na kushuka huko kunakuwa kwa kasi mwanzoni. Huku ni kuharibika kwa kupita.

Kuna mtego hapa unaonisikitisha kila ninapokutana nao. Fundi mwangalifu huosha makaa na mwamba kabla ya kuvipakia kwenye silinda, ili maji yasiwe na vumbi. Ameosha chumvi zote! Silinda itatoa matokeo mazuri ajabu, kilele hakipo, na wasimamizi wataahidiwa kwamba maji yatatengemaa tangu siku ya kwanza. Chukua mwamba kutoka juu ya kiwango cha maji cha mgodi, uusafirishe mkavu kwenye mfuko uliofungwa, na uupakie bila kuuosha. Vumbi lichujwe baadaye kwenye sampuli.

La pili ni salfeti ya grauti yenyewe. Majivu ya tanuri za makaa na chokaa, na mabaki ya kusafisha moshi, yamejaa kalsiamu salfeti, ambayo ikishika maji ndiyo jasi. Salfeti ikipanda usikimbilie kusema pairaiti inaoksidika. Tazama kalsiamu: katika jasi, uzito wa kalsiamu ni takriban 0.42 ya uzito wa salfeti. Viwili hivyo vikipanda pamoja kwa uwiano huo, na chuma hakijasogea, jasi ndiyo inayosema. Boroni na potasiamu vikipanda navyo, mashaka yamepungua zaidi, kwa kuwa hivyo ni mashahidi wa majivu. Na salfeti ikigota karibu na miligramu 1,500 kwa lita katika maji yasiyo na asidi kali, umefika kwenye kikomo cha kuyeyuka kwa jasi. Pairaiti, kwa upande wake, hutoa salfeti mara 3.4 ya uzito wa chuma, lakini uwiano huo unaaminika tu pale chuma kinapobaki kimeyeyuka, yaani pH ikiwa chini. Maji yakishakuwa na pH 6, chuma kimeganda njiani na hesabu hiyo iachwe.

La tatu ndilo baya: pairaiti kweli inaendelea kuoksidika, pengine zaidi, kwa kuwa maji yamehamia kwenye nyufa zenye hewa. Kilele hapa hakishuki. Kinabaki juu huku silinda ya ulinganisho ikiwa imetulia. Kabla ya kulikubali, hakikisha bakteria wanaoharakisha uoksidishaji wa chuma wapo katika silinda zote kwa usawa. Mwamba uliokaushwa ovenini umewapoteza, na utachelewa kutoa asidi kwa sababu ambayo haihusiani na grauti. Tia kiasi kidogo cha maji mabichi ya mgodi kwenye kila silinda mwanzoni.

pH iko 11 au 12 na haishuki

Modeli ina grauti nyingi na maji machache. Kipande kidogo kina eneo kubwa la uso kuliko bonge la mgodini, kwa uzito uleule. Ukikilaza kwenye chupa ya maji yaliyotulia, hakika pH itapanda na kukaa huko. Kwa vipande vizima fuata mtindo wa kubadilisha maji kwa ratiba: njia ya 1315 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, inataka mililita 9 za maji kwa kila sentimita ya mraba ya uso, na maji kubadilishwa hadi siku ya 63. Hapo utapata kasi ya kutoka kwa kila elementi kwa eneo, namba ambayo inaweza kuhamishiwa kwenye bonge kubwa.

pH ya juu si ya kupuuzwa hata hivyo. Aseniki, seleniamu, molibdenamu na kromiamu ya hali ya sita huyeyuka vizuri zaidi katika maji yenye alkali. Aseniki ikitokea, usiyahukumu majivu peke yake. Matope ya zamani ya chuma yaliyomo mgodini hushika aseniki wakati maji yana asidi kidogo, na huiachia pH ikipita 8.5 hivi. Tenganisha washukiwa: loweka grauti kwenye maji safi, loweka matope ya chuma kwenye maji ya chokaa, kila kimoja chupa yake. Jibu litakuja bila mabishano.

Na kumbuka umri wa grauti. Kipande kilichokaa siku 28 kwenye chumba chenye unyevu hutoa kidogo sana kuliko grauti ya saa moja, ambayo ndiyo maji ya mgodi yanayokutana nayo. Walau silinda moja imwagiwe grauti mbichi, maji yakiwa yanatembea.

pH ya kwenye tangi na ya mezani hazifanani

Maji ya mgodi mara nyingi yana kaboni dioksidi nyingi. Chupa ikifunguliwa gesi inatoka na pH inapanda. Ikikaa zaidi chuma kinaoksidika na pH inashuka. Sampuli moja inaweza kukupa namba tatu ndani ya alasiri moja, zote sahihi kwa saa yake. Pima ndani ya seli iliyofungwa kwenye mstari wa kutokea, na kwa asidi jumla tumia upimaji unaochemsha sampuli na haidrojeni peroksaidi, ili chuma na manganisi vihesabiwe.

Tangi linasema wiki tatu. Mgodi utachukua muda gani?

Usizidishe siku kwa kipimo cha urefu. Hesabu ni mara ngapi maji yamebadilishwa ndani ya nafasi zote za modeli. Kama kilele cha chuma kilishuka hadi nusu baada ya maji kubadilika mara 4, peleka "mara 4" kwenye mgodi: kadiria ujazo wa nafasi zilizobaki wazi baada ya grauti, ugawanye kwa wingi wa maji unaopimwa mdomoni mwa mgodi, uzidishe kwa 4. Fanya hesabu hiyo kwa wingi wa kiangazi na wa masika, utoe majibu mawili.

Njia hii inafaa kwa chumvi zinazoyeyuka haraka. Kwa vitu vinavyotoka taratibu ndani ya bonge la grauti haifai, kwa kuwa hivyo hufuata muda na eneo la uso, si wingi wa maji yaliyopita. Utajua uko upande upi kwa kusimamisha pampu siku mbili kisha kuiwasha tena. Elementi ambayo sampuli yake ya kwanza baada ya kuwasha imeruka juu inatoka taratibu. Iliyobaki kwenye mstari wake ihesabiwe kwa ujazo. Weka safu hizo mbili katika majedwali tofauti kwenye ripoti, kila moja na njia yake ya kuhamishia mgodini.